Redio ya mbao haitoki nyumbani

Juma hili tunaacha sufuria kidogo, tunashika msumeno. Wamama wawili waliniuliza kama mtu anaweza kujitengenezea nyumbani ile redio ya zamani ya sanduku la mbao, inayokaa juu ya meza. Inawezekana, na sehemu kubwa ya kazi ni ya useremala, si ya umeme.

Kwanza niseme kwa nini ninaipenda kazi hii. Redio ndogo ya mkononi ina miguu. Asubuhi baba anaitia mfukoni, jioni kijana anaipeleka kwenye mpira. Tangazo la chanjo linapita saa nne, habari ya barabara iliyofungwa inapita saa sita, na mama aliye nyumbani na watoto hasikii kitu. Simu nayo ni ya mtu mmoja: nyingi zinadai waya wa masikioni ndipo zishike FM, na waya ule haufai kwa watu watano. Lakini sanduku la mbao lenye upana wa mikono miwili, nani atalitia mfukoni? Linabaki mezani, na anayebaki nyumbani ndiye anayeligeuza kifungo.

Wazee wetu walizijua redio za namna hiyo. Kabla ya transista, ambayo iliingia katika redio za kuuzwa madukani huko Marekani mwaka 1954, ndani ya redio kulikuwa na taa za kioo zilizowaka na kutoa joto. Ndiyo maana sanduku lilikuwa kubwa na ukuta wa nyuma ulitobolewa matundu. Hapa kwetu Radio Congo Belge ilianza Leopoldville mwaka 1940, na vipindi vyake kwa ajili ya Wakongomani vikaanza 1949. Redio zenyewe zilikuwa bei ya juu sana. Mwaka huohuo wa 1949, ng'ambo ya mpaka wa Katanga, Harry Franklin wa redio ya Lusaka alikuwa anatafuta redio ambayo mtu wa kawaida angeweza kuinunua. Sanduku la bei nafuu likapatikana katika chombo cha jikoni: sufuria ya aluminiamu isiyo na mkono. Redio hiyo ya sufuria iliuzwa pauni 5, na batri yake ilidumu karibu saa 300. Wamama, mnaona hata redio ilipitia jikoni.

Tuje kwenye kazi. Nunua redio ndogo ya mawe, iliyo nzima, ambayo umeisikiliza sokoni kabla ya kulipa. Hiyo ndiyo itakayokuwa moyo wa redio yako. Halafu tafuta bafle moja kubwa zaidi, ya sentimita 10 au 13, hata iliyotoka katika gari la zamani. Geuza nyuma yake usome: imeandikwa 4 au 8 pamoja na alama ya omu. Soma vilevile bafle ndogo iliyo katika redio. Ile kubwa iwe na namba ileile au ya juu zaidi. Ikiwa ya chini, redio itachoka na inaweza kuungua.

Sasa fanya jaribio moja mbele ya watoto. Unga bafle kubwa na redio, ishike mkononi bila sanduku. Sauti itakuwa nyembamba, kama mtu anayesemea puani. Kisha iweke juu ya tundu ulilokata katika ubao mpana, na mara moja sauti inanenepa. Bafle inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na bila ubao hewa ya nyuma inazunguka na kuifuta ile ya mbele, zaidi katika sauti nzito. Sanduku ni sehemu ya redio. Anayelifanya jembamba na la kulegea amejinyima nusu ya sauti.

Vipimo vinavyofaa meza ya kawaida: upana sentimita 36, urefu wa kwenda juu 24, kina 18. Tumia mbao za unene wa sentimita moja na nusu. Vipande vya juu na chini ni 36 kwa 18. Vya pembeni vinaingia katikati yao, kwa hiyo ni 21 kwa 18, si 24. Hapo wengi wanakata mara mbili na mbao inaharibika bure. Libuyu inapendeza kwa wekundu wake. Mukaratusi ni wa bei nafuu, lakini ukiwa mbichi utapinda, basi uache ukauke vizuri kwanza. Ubao wa mbele na wa nyuma uwe wa tiripleksi. Tundu la bafle liwe dogo kidogo kuliko ukingo wake, ili ipate pa kushikilia. Gundi kwanza, misumari baadaye. Nyuma toboa matundu na ufunge kwa skrubu, kwa sababu utapafungua tena.

Kitambaa cha mbele kinaleta mabishano. Kila mama anataka kikwembe chake kizuri. Kiweke mdomoni upulize: pumzi ikipita, sauti itapita. Vikwembe vingi vizito vinaizuia, na maneno yanasikika kama mtu amefunikwa blanketi. Mimi ningechagua kitambaa cha nyuzi zilizoachana, na kikwembe nikitandike chini ya redio.

Sehemu inayorudisha pesa ni nafasi iliyobaki ndani. Kama redio yako ndogo inakula mawe matatu madogo, yanayopangwa kwa mstari, weka mawe matatu makubwa badala yake, kwa mpangilio uleule. Kila jiwe, dogo au kubwa, lina volti 1.5, kwa hiyo redio haitaumia, lakini makubwa yanadumu mara nyingi zaidi. Mwombe fundi wa redio akuchomelee nyaya mbili za mawe na mbili za bafle. Waya wa FM uwe wa sentimita 75, upite nyuma na kusimama wima.

Usichomeke redio hii katika stima ya nyumba, wala katika batri ya sola ya volti 12 moja kwa moja. Na mtu akikuletea redio ya zamani kabisa yenye taa za kioo, usiifungue mbele ya watoto, usiifungue hata wewe. Ndani kunakuwa na mamia ya volti, na umeme unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya.

Kikundi cha likelemba kinaweza kumpa seremala mmoja kazi ya masanduku matano kwa pamoja; vipimo ni vilevile, na bei inashuka. Wenye mikono hodari wasugue wenyewe kwa msasa, kuanzia ule mkali hadi ule laini, kwa kufuata mistari ya mbao, kisha verni mara mbili, ikikauka usiku mzima katikati.

Ukimaliza, usiisogeze karibu na taa za sola au chaja. Ikilia kama nyuki, isogeze mita moja tu. Bandika karatasi kando ya kifungo, na kila stesheni unayoipata, weka alama kwa kalamu na jina lake. Watoto wa darasa la pili wataisoma kabla yako.