Mayai tunayafunga vizuri, kichwa tunakiacha wazi

Ndugu zangu wa Kisangani, na ninyi familia mliokimbia mapigano ya Mbole na Lengola tangu 2023, leo tuongee juu ya pikipiki.

Juzi asubuhi, kwenye njia panda moja ya Makiso, pikipiki mbili ziligongana. Mmoja wa waendeshaji ni kijana wa familia ya wahami. Pikipiki si yake. Kila jioni anampelekea mwenyewe pesa. Kwa dakika chache watu walijaa. Mmoja alipaaza sauti: "Ni huyu mgeni!" Mwingine alitaka kumpiga. Pikipiki zikainuliwa, zikawekwa pembeni, damu ikafunikwa na mchanga. Polisi alipofika hakukuta kitu cha kupima. Kesi ikakatwa kwa kelele, na kijana akaambiwa alipe.

Mimi sijui nani alikosa. Na hilo ndilo linaloniuma: hakuna aliyejua, lakini mmoja amelipa.

Wako mainjinia ambao kazi yao ni hiyo: kusoma alama za ajali na kueleza ilitokea namna gani, na mwili uliumizwa na nini. Mmoja wa walioanzisha njia hiyo ni Mmarekani Hugh DeHaven. Mwaka 1917 alikuwa anajifunza urubani wa kijeshi, ndege yake ikagongana na nyingine angani. Alipona, lakini aliumia vibaya tumboni. Baadaye aliona kwamba kilichompasua ndani ni chuma cha kufungia mkanda wake. Hakutaka kusema tu ni bahati. Mwaka 1942 alitoa utafiti juu ya watu walioanguka kutoka juu, mita 15 hadi 45, wakapona. Akaonyesha kwamba kinachoua ni namna mwili unavyosimamishwa. Ukisimamishwa ghafla na kitu kigumu, unavunjika. Ukipokelewa na kitu kinachobonyea kidogo, unaweza kuishi.

Sisi wa hapa swali lake tunalijua. Tarehe 8 Julai 2011 ndege ya Hewa Bora ilianguka ikitaka kutua Bangoka, mvua ikinyesha. Watu zaidi ya 70 walikufa, na makumi ya wengine wakatoka hai katika ndege ileile. Kwa nini huyu na si yule? Ndege ikianguka, swali hilo linaulizwa. Pikipiki ikianguka, tunauliza tu nani alipe.

Lakini hata barabara yetu inasema. Kwenye lami kavu, magurudumu yakifungwa na breki na kuacha alama ya mita 10, chombo kilikuwa kinakimbia karibu kilomita 40 kwa saa au zaidi. Alama hiyo haina kabila, na haijui nani ni mgeni. Ila inafutika upesi, watu wakikanyaga au mvua ikinyesha.

Na mwili je? Kugonga ukuta kwa kilomita 40 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita 6. Kwa kilomita 60 ni sawa na mita 14. Nani kati yetu angepanda mita 14 na kuruka akitanguliza kichwa?

DeHaven alijaribu pia na mayai. Aliyaangusha kutoka juu kwenye mpira laini, na hayakupasuka. Mama zetu sokoni wanaijua siri hiyo. Tazama toleka aliyebeba mayai: kila yai liko katika shimo lake la karatasi, yamefungwa kamba, na anapita mashimo ya barabara polepole. Halafu tazama pikipiki: baba, mama na mtoto katikati, vichwa vitatu wazi.

Kofia ngumu, ile kaske, ni karatasi ya mayai ya kichwa. Ndani yake kuna povu gumu linalobonyea badala ya fuvu. Likishabonyea kwa ajali moja, kofia hiyo imemaliza kazi. Kofia ya kazi ya ujenzi, isiyo na povu wala kamba ya kidevuni, haitoshi. Mwaka 2008, mapitio ya tafiti za nchi nyingi yalionyesha kwamba kofia inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Mtaniambia: kofia ni ghali, na mhami hana hata chakula. Ni kweli. Ndiyo maana nasema mzigo huu si wa kijana. Anayepokea pesa kila jioni ndiye anunue kofia mbili, ya mwendeshaji na ya abiria, kabla ya kumpa mtu ufunguo. Vyama vya waendeshaji viliweke hilo katika mapatano.

Na sisi tunaokimbilia ajali, tumsaidie kwanza aliyeumia, bila kumvuta shingo. Kisha, kabla ya kuinua pikipiki, mwenye simu apige picha: kutoka mbali, halafu karibu. Mwingine ahesabu hatua za alama ya tairi, achore kwa chaki au kipande cha mkaa mahali magurudumu yalipo. Polisi akifika, tumpe hayo. Ni kazi ya dakika tano tu.

Kijana yule wa Makiso bado analipa. Kama kweli alikosa, alipe. Lakini picha moja tu ingetosha kutuambia.