Udongo wa Msingi Si Takataka

Mwaka 1977, akitathmini miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwalaumu watu waliokataa nyumba za matofali ya kuchoma na vigae, wakakaa wakingojea mabati na saruji, ile iliyoitwa "udongo Ulaya". Saruji imetengenezwa nchini tangu kiwanda cha Wazo Hill kilipoanza mwaka 1966. Udongo si wa Ulaya tena; kasumba ndiyo iliyobaki.

Ushahidi umo katika viwanja vya ujenzi wa shule. Msingi huchimbwa, shimo la choo huchimbwa, na udongo mwekundu unaotoka humo hurundikwa kando kama uchafu. Hulipiwa lori la kuuondoa, kisha hulipiwa lori jingine la kuleta mchanga uliokombwa mtoni. Mlipaji wa safari zote mbili ni mwananchi yule yule!

Udongo huo ukichekechwa, ukachanganywa na saruji kidogo, kwa kawaida sehemu 5 hadi 10 katika kila 100, na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, hutoa tofali lisilounguza hata kijiti cha kuni. Nchini mwetu Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeyaeneza matofali ya kufungamana ya namna hiyo. Elimu ipo, kinachokosekana ni utashi wa maofisini.

Wapo wasemao kwamba udongo huyeyuka kwa mvua. Huyeyuka ukijengwa kivivu. Tofali hili hutunzwa kivulini likinyunyiziwa maji kwa wiki nzima, ukuta huanzia juu ya msingi wa mawe, na paa hutokezwa nje vya kutosha. Wala si kila udongo unafaa: ule wa juu wenye mizizi uende bustanini, na ule mweusi wa mbugani huvimba na kupasuka. Mwalimu yeyote aweza kuupima mbele ya wanafunzi wake kwa chupa ya kioo: udongo na maji hutikiswa, huachwa siku moja, mchanga hutua chini na mfinyanzi juu. (Ofisa atakayewahubiria wanakijiji haya huku yeye akijijengea kwa saruji tupu asishangae wakimcheka.)

Basi kila makisio ya darasa yanapofika mezani yakiwa na kifungu cha kuondoa udongo, mhandisi aulizwe kwa maandishi: udongo huo umepimwa? Asipokuwa na jibu, makisio yarudishwe.