Maseneta, Andikeni Sababu Zenu

Julai 2025 Seneti iliimaliza kesi ya Gavana Abdi Guyo wa Isiolo bila kusikiliza hata shtaka moja. Waliofurahi waliuita uamuzi huo haki. Mimi nauita kukwepa kazi. Wawakilishi wadi walisema walimbandua gavana Juni. Mawakili wake wakaleta pingamizi la awali kwamba kikao halali hakikufanyika. Maseneta wakalikubali, wakatawanyika.

Upande wa pili una hoja zake. Sheria ya Serikali za Kaunti ndiyo iliyowapa maseneta kazi ya kuamua kesi za magavana, na utaratibu ni sehemu ya haki: gavana aliyechaguliwa na wananchi hastahili kung'olewa kwa kikao kisicho halali. Wengine husema kesi ya namna hii ni ya kisiasa tangu mwanzo, basi tusiidai sura ya mahakama. Haya, tumewasikia.

Ila mwanasiasa anaweza kuwa mwamuzi, na Kenya inao mfano. Njoki Ndung'u alikuwa mbunge mteule tangu 2003 hadi 2007, na ndiye aliyeupeleka bungeni mswada uliozaa Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006. Mwaka 2011 akawa jaji wa Mahakama ya Juu. Septemba 2017, mahakama hiyo ilipofuta uchaguzi wa urais, majaji wanne waliamua hivyo. Yeye na jaji mwenzake Jackton Ojwang' wakapinga. Wapo waliochukizwa na msimamo wake, na walikuwa na haki ya kuchukizwa, kwa sababu walijua wanachukizwa na nini: aliandika hukumu ndefu, akaeleza ushahidi gani aliuamini na upi aliukataa, akaweka jina lake. Siasa aliyotoka nayo, kama ilimfuata kortini, ilipaswa kupita kwenye karatasi ambayo kila mwanasheria angeweza kuichana.

Hapo ndipo penye tofauti yote. Seneta anapoketi kama jaji, haachi chama chake wala hasahau uchaguzi wa 2027. Hilo tunaweza kulivumilia. Lisilovumilika ni kwamba hadaiwi sababu. Kamati maalumu ya maseneta 11 angalau huandika ripoti. Seneti nzima ikiketi, kama ilivyoketi kwa Isiolo, mwisho wake ni kura. Kura, hata ikihesabiwa jina kwa jina, haisemi mtu aliamini nini. Na hotuba za ukumbini si hukumu.

Tazama walichokiacha Isiolo. Ama kikao halali cha bunge la kaunti hakikufanyika, na basi kuna watu waliopeleka Nairobi uamuzi wa kubuni, jambo zito kuliko mengi anayoweza kushtakiwa gavana. Ama kilifanyika, na basi gavana ameponea kwenye hoja isiyo na mashiko. Hakuna njia ya tatu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini lazima mtu aifuate hadi mwisho. Anayelazimika kuandika hukumu angetaka Hansadi, angemhoji karani, kisha angetaja kwa jina nani alisema ukweli. Maseneta waliitikia pingamizi, wakawaachia watu wa Garbatulla na Merti, hapa Isiolo, wabishane wenyewe.

Jirani zetu wa Meru wanalijua hili. Gavana wao wa wakati huo, Kawira Mwangaza, aliletwa mbele ya Seneti mara tatu: akaokolewa 2022, akaokolewa 2023, akaondolewa Agosti 2024. Kilibadilika nini kati ya mara ya pili na ya tatu, makosa yake au hesabu za wanasiasa? Hakuna hukumu mbili za kulinganisha, kwa hiyo kila mtu anajibu apendavyo.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 irekebishwe: kila seneta anayeamua kesi ya gavana aandike sababu zake, azitie sahihi, zichapishwe. Asiyeweza kuandika kwa nini amemwachilia au amemwondoa mtu tuliyemchagua, asipige kura hiyo.