Ufa wa Bweni ni Shauri la Baraza

Wazee wetu walituachia usia mfupi: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Usia huo hunenwa sana mikutanoni, lakini katika mabweni ya vyuo vyetu vikuu, mahali unapohitajiwa mno, mara nyingi haukumbukwi mpaka ukuta umekwisha kuharibika. Leo twapenda kusema na wafanyakazi wa vyuo hivyo, na hasa wajumbe wa Mabaraza ya Wafanyakazi, juu ya jambo ambalo wengi wao hulidhani si lao.

Tuanze na historia, maana asiyejua alikotoka hawezi kupima alikofika. Chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru. Hakikuwa na nyumba yake. Kilianzia katika jumba la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria ambao hesabu yao haikufika 20. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na huko yakajengwa mabweni ambayo vizazi kwa vizazi vya waalimu, wahandisi, mawakili na viongozi wa nchi hii wamelala ndani yake. Wanafunzi wale wasiofika 20 leo wamekuwa maelfu kwa maelfu. Aliyekosa kitanda hukaribishwa na mwenziwe mwenye kitanda, wakalala wawili mahali pa mmoja. Wenyewe huita kubebana. Neno hilo lina utani ndani yake, na lina utu. Lakini chumba kilichojengwa kwa watu kadhaa kikilaza mara mbili yao, choo, bomba na waya za umeme navyo hubeba mzigo mara mbili.

Serikali haikukaa kimya. Tarehe 15 Aprili 2017 Rais John Magufuli alizindua hosteli mpya za Chuo hicho: majengo 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840, yaliyojengwa kwa shilingi bilioni 10. Hiyo ilikuwa kazi kubwa, nasi twaikumbuka kwa shukrani. Hata hivyo, Desemba ya mwaka ule ule zilienea habari na picha za nyufa katika majengo hayo, na Wakala wa Majengo ukaeleza ya kuwa ni nafasi zilizoachwa kwa makusudi kati ya sehemu za jengo ili liweze kutanuka pasipo kuvunjika.

Sisi si wahandisi, wala hatuandiki leo ili kuhukumu shauri la wahandisi. Tunalouliza ni jingine: habari ya ufa, uwe wa kweli au wa kudhaniwa, njia yake ya haki ni ipi? Mwanafunzi akiuona, amwambie nani? Mhudumu anayefagia ngazi kila asubuhi akiuona, amwambie nani? Na huyo aliyeambiwa, analazimika kujibu lini, na mbele ya nani? Mahali ambapo maswali hayo hayana majibu yanayojulikana na wote, habari hutafuta njia yake yenyewe kama maji, na ikisha kutoka nje hairudishwi tena.

Njia tunayo, wala si ngeni. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ndio ulioagiza kuundwa kwa Mabaraza ya Wafanyakazi katika mashirika ya umma, na mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU ukakaza neno hilo kwa kuwakumbusha viongozi ya kwamba ukubwa si ubwana. Leo mabaraza hayo yamo katika sheria za utumishi wa umma, na vyuo vikuu vya umma vinayo. Mkuu wa taasisi huketi kitini, wawakilishi wa idara na wa chama cha wafanyakazi huketi mbele yake, na makisio ya fedha ya mwaka husomwa wayajadili. Hiyo ni haki kubwa. Swali letu ni namna inavyotumiwa.

Mara nyingi mazungumzo ya mabaraza hujaa posho, kupandishwa vyeo, malimbikizo ya mishahara na safari. Hatusemi hayo si ya haki. Mfanyakazi aliyedhulumiwa ujira wake asinyamaze. Lakini likifika fungu la matengenezo ya majengo, kurasa hufunuliwa upesi upesi. Katika makisio mengi fungu hilo ndilo la kwanza kupunguzwa fedha zikipungua, kwa kuwa bomba halina mdomo wa kulalamika. Laiti lingekuwa nao!

Watakuja wenye kusema, “Mabweni ni ya wanafunzi, na wanafunzi si wafanyakazi; shauri lao lina Baraza la Chuo, na lina ofisi ya mlezi wa wanafunzi.” Twawajibu kwamba mabweni ni mahali pa kazi. Ndani yake wamo wahudumu wa usafi, mafundi bomba, mafundi umeme, walinzi na walezi. Choo kikiziba ghorofa ya tatu, anayeingiza mkono si mjumbe wa Baraza la Chuo. Waya ukikaa wazi, anayepanda ngazi si mjumbe wa Seneti. Usalama wa jengo ni usalama wa mfanyakazi kwanza, kabla hata hatujamtaja mwanafunzi. Na huyo mwanafunzi ni nani, kama si mtoto wa fundi yule yule, au wa mkulima wa pamba, au wa mpagazi wa bandarini?

Tena, wafanyakazi hao ndio wenye elimu ya jengo ambayo haimo katika michoro. Koki inayovuja huponywa kwa kipande cha mpira cha bei ndogo. Ikiachwa, maji hupenya sakafu ya zege mpaka kuzifikia nondo. Nondo hushika kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka na kudondoka vipande vipande. Katika mji wa pwani, wenye hewa ya chumvi, kutu haina subira. Hapo tena haitafutwi koki, hutafutwa mkandarasi, na wanafunzi wa ghorofa nzima huambiwa watafute pa kulala. Fundi aliyeiona koki ile siku ya kwanza alikuwapo. Je, alisikilizwa? Alipokwenda stoo kuomba kipande kile cha mpira, alikipata?

Jambo hili lina haraka. Mwaka 2021 nchi yetu ilianza kutekeleza mradi wa mageuzi ya elimu ya juu kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, na majengo mapya yamo katika kazi zake. Deni hilo tutalilipa sote, hata yule ambaye mwanawe hatafika chuoni. Kujenga kwa fedha ya mkopo, kisha kuliacha jengo lichakae kwa kukosa koki, ni kulipa mara mbili kwa kitu kimoja. Nasi twaona afadhali majengo machache yatunzwayo kuliko mengi yanayooza.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. La kwanza, taarifa ya hali ya mabweni isomwe katika kila kikao cha Baraza la Wafanyakazi: nini kiliharibika, nani alitoa habari, nini kimetengenezwa, na nini kimebaki, na kwa sababu gani. La pili, katika wajumbe wa Baraza asikosekane fundi wa karakana na mhudumu wa mabweni, waliochaguliwa na wenzao, na wasemapo wasikatizwe kwa kuwa Kiingereza chao ni kidogo au hawana shahada. La tatu, taarifa hiyo inaposomwa, wawakilishi wa serikali ya wanafunzi waalikwe wasikilize na kuulizwa. La nne, fedha ya matengenezo itengwe mapema wala isihamishwe pasipo Baraza kuambiwa. Na mkandarasi amalizapo ukarabati, jengo lisipokewe mpaka fundi atakayelitunza amepita chumba kwa chumba, amefungua kila bomba na kuwasha kila taa.

Tukisha kuwaambia wakuu, yatupasa kusema na wafanyakazi pia. Haki ya kuketi barazani ni pamoja na wajibu wa kwenda umejitayarisha. Mjumbe asiyewahi kuzunguka mabweni, anayekwenda kikaoni kuuliza posho ya kikao tu, anamwakilisha nani? Na fundi anayengoja apewe kitu ndipo atengeneze, au anayetoa kifaa kipya na kuweka cha zamani, huyo anaiba kitanda cha mtoto wa maskini mwenziwe.

Wanafunzi nao wasijione wageni wa hoteli. Anayepika kwa jiko la umeme katika chumba kisichotengenezwa kwa kazi hiyo anahatarisha roho za wenziwe. Anayevunja kitasa, au kutupa takataka katika choo cha maji, anamwongezea kazi mhudumu ambaye mshahara wake ni mdogo kuliko wa mtu yeyote katika jengo lile. Elimu isiyomfundisha mtu kuheshimu jasho la anayemfagilia ina upungufu, hata ikipewa daraja la kwanza.

Twajua kwamba Baraza halina uchawi wa kuzalisha fedha, na mapendekezo haya hayatamaliza upungufu wa vitanda mwaka huu wala mwaka ujao. Lakini kusikilizana hakuhitaji mkopo. Likizo ndefu inapofika na mabweni yakabaki matupu, ndiyo saa ya kuingia na nyundo na rangi. Na kikao cha Baraza kabla ya likizo hiyo ndicho cha kuamua zianzie wapi. Mwenyekiti wa kikao aulize swali moja kabla ya mengine yote: ndugu fundi, umeona nini? Kisha aandike jibu, na kikao kijacho aulizwe yeye amefanya nini.