Jaji Anapojionya Mwenyewe, Nani Anamsikia?



Mtu amevamiwa usiku wa manane. Mwizi alikuwa na tochi, naye mwenye nyumba alikuwa na hofu. Miezi kadhaa baadaye anasimama mahakamani, ananyosha kidole kizimbani na kusema, "Ni huyu." Shtaka ni wizi wa mabavu, na kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifo.

Sheria yetu haikosi tahadhari hapo. Tangu mwaka 1953, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba shahidi mmoja anaweza kutosha, lakini palipo na ugumu wa kuona ushahidi wake upimwe kwa uangalifu mkubwa mno. Mwanga ulitoka wapi? Aliyetambua alikaa umbali gani? Alimtaja mtu huyo kwa polisi usiku ule ule, au alimkumbuka baada ya kuonyeshwa?

Uingereza jaji huwaambia raia kumi na wawili wa juri maneno hayo kwa sauti, mshtakiwa akisikia. Akikosea, kosa lake limo katika kumbukumbu, na rufani hulishika. Huku kwetu wakoloni waliihifadhi juri kwa ajili ya Wazungu. Mwaka 1911 juri ya Wazungu ilimwachilia Galbraith Cole, aliyempiga risasi Mwafrika akimshuku kuiba kondoo. Mwafrika alipewa wazee wa baraza, ambao jaji hakufungwa na maoni yao. Wazee hao walidumu katika kesi za mauaji hadi mwaka 2007, walipofutwa. Sisikitiki sana kwa ajili yao, maana wengi walisinzia. Lakini walipokuwepo, jaji aliweza kufafanua ushahidi mbele ya raia. Leo anajiambia mwenyewe, kisha anaandika, "Nimejionya juu ya hatari ya ushahidi huu," na papo hapo anatia hatiani.

Sentensi hiyo ni muhuri tu. Onyo la kweli huonekana katika kazi inayofuata: taa imetajwa, umbali umepimwa, taarifa ya kwanza polisi imelinganishwa na maneno ya kizimbani. Nabothi alishuhudiwa na watu wawili, wote waongo, na shamba likachukuliwa. Hesabu ya mashahidi ilitimia. Kilichokosekana ni mtu wa kuwahoji.

Wala tusisahau mwaka 1986 na 1987, washukiwa wa Mwakenya walipotolewa Nyayo House na kufikishwa mahakamani jioni, bila wakili, wakakiri. Hakuna aliyeuliza maneno hayo yalipatikanaje. Sheria ya mwaka 2003 ilibana mlango wa kukiri mbele ya polisi, na Katiba ya 2010, ibara ya 50, inaagiza ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki utupwe ikiwa utaharibu kesi. Tulipigania maneno hayo, na yanastahili kutumiwa.

Sasa shikeni jambo hili. Kesi ya wizi wa mabavu huanzia kwa hakimu. Rufani ya kwanza huenda Mahakama Kuu, na ya pili, Mahakama ya Rufani, husikiliza hoja za sheria peke yake. Maana yake Mahakama Kuu ndipo mahali pa mwisho ushahidi unapopimwa. Kesi ya Okeno, mwaka 1972, iliwaagiza majaji wa rufani ya kwanza waupime wote upya na kufikia uamuzi wao wenyewe, wakikumbuka kwamba hawakuwaona mashahidi. Jaji anayenakili hukumu ya hakimu na kusema haoni sababu ya kuigusa amemnyima mfungwa rufani aliyoahidiwa.

Kwa hiyo kila kamati ya haki na amani parokiani iteue watu wawili wa kuketi mahakamani siku za hukumu, na daftari mkononi. Waandike: je, hakimu ameutaja mwanga? Ameutaja umbali? Amesema taarifa ya kwanza ilikuwa na jina la nani? Kisha wampelekee mfungwa nakala kabla ya siku kumi na nne za kukata rufani kwisha.