Kansiime Si Sera ya Ajira

Kila kijana asiye na kazi hapa Kisumu ameshapewa ushauri huu: una simu, fungua chaneli. Unatoka kwa mjomba, kwa pasta, kwa mheshimiwa aliyekuja mazishini kutafuta kura. Ukiuliza nani ametoboa hivyo, unatajiwa Anne Kansiime. Ati ni msichana tu wa upande wa Kabale, Uganda, aliyeweka video fupi YouTube, na leo Afrika nzima inamjua. Wewe unangoja nini?

Kansiime nampenda. Mapema miaka ya 2010, kabla posti ya Facebook haijawa kazi ya mtu, tulikuwa tunapitishiana video zake. Citizen TV nayo ikatuletea kipindi chake. Yule mwanamke mkali, asiyesukumwa na mtu, tulimjua: yuko kila soko la ziwa hili.

Lakini hadithi mnayotuuzia mmeikata kichwa. Kansiime alikuwa na digrii ya Makerere. Alikuwa ameigiza jukwaani Kampala na kikundi cha Theatre Factory, kisha Fun Factory, mbele ya watu waliolipa kiingilio na waliokuwa na haki ya kununa. Alikuwa na wenzake wa kumnoa. Intaneti haikumtengeneza msanii. Ilimbeba msanii aliyekwisha kuiva.

Sasa niambieni, nani anamlipa mwigizaji wa Nyalenda afanye mazoezi kila wiki, mwaka mzima, mpaka aive? Ukumbi tunaweza kuutafuta. Ukumbi si kikundi.

Haya, tuseme kipaji kipo. Kwa njia ya kawaida, YouTube inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo ikugawie pesa za matangazo. Kwa video ndefu, yenyewe inabaki na asilimia 45. Mtazamaji wa Kondele, anayehesabu bando, anakuletea senti chache kuliko wa Marekani. Mwaka 2023 serikali ikaja na kodi ya kukatwa kwenye malipo ya maudhui ya dijitali. Ilitaka asilimia 15, kelele zikapigwa, ikatulia kwa 5. Ajira haijatoa, makato imeshapanga.

Mvuvi wa Dunga anaujua mchezo huu. Mtumbwi ni wake, baridi ya usiku ni yake, lakini bei inatajwa na dalali ufuoni, na samaki hawamngoji abishane. Hata hivyo, sijasikia mtu akiwaambia vijana wote wakavue kwa sababu mmoja alipata mbuta mkubwa.

Siandiki haya nikiwa nimeshiba. Niliacha chuo karo iliponishinda, na ushauri wa chaneli nimeupewa mara nyingi kuliko kazi.

Mtasema afadhali video kuliko kukaa kijiweni. Sawa, warekodi, mimi nitakuwa wa kwanza kutazama. Ninachokataa ni kiongozi kuugeuza ujasiri wa vijana kuwa kisingizio cha kutofanya kazi yake.

Kwa hiyo, mheshimiwa, ukirudi na jina la Kansiime, njoo na bajeti ya kikundi kimoja cha maigizo, kwa Dholuo na Kiswahili, mishahara ya mwaka mzima ikiwemo. Kama huna, keti, mazishi yaendelee.