Kabla ya Kuiziba DC-SIGN

Inaniudhi kuona utafiti wa molekuli zinazoiga sukari ukigeuzwa mashindano ya nani anashika kipokezi kwa nguvu zaidi. Miswada mingi tuliyopokea inaanza na kipimo hicho na kuishia hapohapo. Ni kweli sukari moja ya manosi huishika DC-SIGN, kipokezi cha seli za dendriti za kinga, kwa ulegevu, na kupanga nyingi pamoja ni ufundi mkubwa. Wakemia waliofikisha manosi 120 juu ya fulereni (matufe ya kaboni) mwaka 2016 wanastahili heshima yao. Lakini swali la kwanza liwe hili: molekuli hiyo inashika nini kingine?

Tangu 2000 tunajua kwamba VVU hudandia DC-SIGN kwenye seli za dendriti na kufikishwa hadi kwa seli T. Langerini, kipokezi kilicho kwenye seli za Langerhans za ngozi na utando wa ukeni, nayo hushika manosi kwa msaada wa kalsiamu, ila hufanya kinyume: hunasa virusi na kuviingiza katika chembechembe za Birbeck, viharibiwe. Hilo lilionyeshwa 2007. Dawa ya kupaka itakayoziba vipokezi vyote viwili itakuwa imemfunga mikono mlinzi pamoja na mwizi.

Majaribio ya fulereni yaliyosifiwa sana yalitumia virusi bandia vilivyovishwa protini ya Ebola, na seli zilizopandikizwa DC-SIGN. Langerini haikuwamo, basi madhara yake yangeonekana wapi?

Njia ipo. Pale langerini inaposhikia sukari pana asidi amino mbili za laisini zenye chaji chanya. Ukiiwekea manosi kikundi chenye chaji hiyohiyo, langerini huisukuma, DC-SIGN huipokea. Makala ya kwanza ya toleo hili inafuata njia hiyo, ndiyo maana nimeipa kurasa nyingi.

Wanaotaja zanamivir na oseltamivir, dawa za mafua zinazoiga sukari zilizoidhinishwa Marekani 1999, kama ushahidi kwamba vita vimekwisha, wanachanganya mambo. Hizo huziba kimeng'enya cha virusi vya mafua. Sisi tunagusa kipokezi cha mgonjwa mwenyewe.

Katika toleo hili pia, makala ya dengi ni fupi na imeandikwa vizuri. Ile ya kifua kikuu isomwe kwa ajili ya majedwali yake.

Kuanzia toleo lijalo, mswada wa kizuizi cha DC-SIGN usio na kipimo cha langerini utarudishwa kwa mwandishi kabla ya kufika kwa wahakiki.